Nilivyowatuma Sambaza kwa Koko

Juzijuzi mhudumu wa afya wa mtaa wetu alipita nyumba kwa nyumba akigawa neti mpya za mbu. Ya kwangu niliifungua palepale uani, na harufu yake ikanirukia puani: harufu ya dawa, kitu kama mafuta ya taa yaliyolala kitanda kimoja na sabuni ya unga. Watu wengine wakinusa harufu hiyo wanafikiria malaria. Mimi nafikiria samaki. Nilitaka kuleta utani, nijifunike neti kichwani niulize bwana arusi yuko wapi, lakini utani ukanikwama kooni kama mwiba. Nikamtazama mama. Kumbe mama alikuwa ananitazama tayari. Akainama, akaendelea kuchambua maharage, akawa anatupa hata yale mazima.

Wanaonijua shuleni watasema naongopa. Mimi ndiye niliyeandikisha mbuzi wetu kwenye orodha ya wazazi wa mkutano, na jina lake likasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, ikaonekana hayupo bila ruhusa. Mtu kama huyo utani haumkwami. Lakini kuna hadithi moja sijawahi kuifanyia mzaha, na leo nitaiandika kabla sijatafuta njia ya kuikimbia tena. Mkicheka mahali, chekeni. Mimi mwenyewe kuna mahali nacheka, kisha naona haya.

Nilikuwa na miaka tisa, na mwaka ule kila kitu kilifungwa. Shule ilifungwa. Kanisa likafungwa, msikiti ukafungwa. Mpaka nao ukafungwa, na hapo ndipo watu wa Gisenyi tulipojua kwamba huu ugonjwa wa redioni si mchezo, maana sisi mpaka kwetu ni kama mlango wa jikoni: unatoka asubuhi na kapu la nyanya, unaingia Goma, unarudi mchana na kitenge na umbea. Mama alikuwa anavuka Petite Barrière, geti la mpakani, kila siku ya Mungu na karoti kichwani. Ghafla akabaki nyumbani, anapanga vyombo vilivyokwisha pangwa, mpaka koperative ya wavuvi ilipompa meza ya kuuzia sambaza. Sambaza ni wale samaki wetu wadogo wa fedha, wembamba kama kidole. Huko Tanzania nasikia wangewaweka kabila moja na dagaa. Meza ile ndiyo iliyotulisha. Muikumbuke, maana ilifanya kazi nyingine pia.

Koko, mama yake mama, alibaki ng'ambo, Goma. Ukipanda kidogo nyuma ya nyumba yetu unayaona mabati ya mtaa wake. Koko alikuwa anasuka nywele bila kuvuta, na alikuwa ananiacha nilambe sukari kwenye kijiko. Mama yeye alininyoa kipara, akasema shule imefungwa, nywele za nini. Nilitaka kumshitaki. Lakini simu ilikuwa yake, na kila tukimpigia Koko anaweka sauti ya juu na kusimama pale, mikono kiunoni.

"Muambie Koko jambo."

"Jambo Koko."

"Mama yako unamusikiliza?"

"Namusikiliza," nasema, huku kipara kinaniwasha.

Sasa kesi ya namna hiyo unaishitaki vipi na mshitakiwa ameshika simu? Nilihitaji posta yangu mwenyewe.

Basi asubuhi moja ikafungwa Kivu, ziwa letu. Leo najua kila mwaka ziwa hupumzishwa, nyavu zinapanda ukutani, samaki wazaliane. Wakati ule nilisikia tu sauti ikitoka majini. Alikuwa Bwana Yusufu, karani wa koperative, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Alikuwa amesimama kwenye mtumbwi na kipaza sauti, anapita ufukoni polepole. "Ndugu wananchi! Ziwa limefungwa! Samaki wanazaliana! Sambazeni habari! Sambazeni habari!"

Ninyi mliokulia kwenye Kiswahili cha pasi hamuoni tatizo. Kwetu hapa habari inapashwa, inatangazwa, au inaambiwa mke wa jirani. Sambaza ni samaki. Sikuwahi kusikia sambaza akifanya kazi nyingine yoyote zaidi ya kukaangwa. Nikamkimbilia mama.

"Mama, sambaza na habari, ni vipi?"

Mama alikuwa anafua. Hakuinua hata kichwa. "Ni kusema habari iende kila fasi."

"Hata Goma?"

"Hata Goma. Niache nifue."

Ikawa imethibitishwa na serikali ya nyumbani. Nikaelewa kwa nini ziwa lilifungwa: mpaka umefungwa, kwa hiyo sambaza ndio wamepewa kazi ya kupeleka habari, na hawatakiwi kuvuliwa njiani na barua za watu. Ilikuwa na akili kabisa. Sambaza haulizwi jeton ya kuvukia mpaka, hapimwi joto, haambiwi arudi kesho.

Pale chini ya mtaa wetu kuna kijighuba kidogo chenye mafunjo, na mlinzi wake alikuwa Mama Solange. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Kabla yake walilinda wanaume, na wanaume walikuwa wanakunywa pamoja na watu waliotakiwa kuwakamata. Mama Solange alikuwa mnene, amevaa buti za mpira za manjano mpaka magotini, filimbi shingoni, na ulimi ambao hata maaskari walikuwa wanaukwepa. Mwanaye Solange alikuwa ameolewa mbali, hivyo nafasi ya mtoto nyumbani kwake ilikuwa wazi nami nikaijaza bila kuomba. Ndiye aliyenipa jina ambalo linanifuata mpaka leo.

"Redio! Leo uko na habari gani?"

Na mimi nampa: nani kapigana na nani, kuku wa nani kaingia kwa nani. Anacheka mpaka filimbi inaruka juu ya kifua. Kisha ananyoosha kidole kwenye mafunjo na sauti inashuka, kama mtu aliyeingia wodi ya wazazi.

"Hapa iko maternité. Mutu asiingie na kelele, asiingie na wavu, na wanaume wasiingie kabisa."

Siku moja alinishika kwapani, akaniinamisha juu ya jiwe nione. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona nukta nyeusi, mbili mbili, nyingi kama mbegu za chia zilizomwagika, zinageuka zote pamoja.

"Zile zote ni macho?"

"Iko watoto. Mwili itakuja nyuma."

Kweli walikuwa kama kioo. Unaona macho, na nyuma yake maji tu. Aliniambia wakubwa wanakaa mbali kwenye kina, lakini watoto wanabaki hapa kwenye maji mafupi, ndipo wanapopata chakula na ndipo wakubwa hawawafikii kirahisi. "Wewe ukizaa kwenye barabara, mutoto atapona?" aliniuliza. Nikasema hapana. "Ndiyo hivyo."

Mchana alikuwa anapanda kwake, hatua chache juu ya ghuba, kugeuza chungu. Alipoona naelewa mambo ya maternité, akaanza kuniachia filimbi. Ananivika shingoni mwenyewe. "Redio, sasa ni weye chef, mukubwa wa hapa. Ukiona mutu, piga. Mi narudia sasa hivi." Hakuna mtu aliyewahi kuniachia kitu. Hata mbuzi wetu nilikuwa sipewi kamba yake. Mama Solange aliniachia ziwa.

Na mimi, siku ya tatu ya uchef wangu, nilikuja na neti ya kitanda changu nimeizungusha kiunoni chini ya gauni. Ilikuwa neti mpya ya kituo cha afya, ina ile harufu, na tayari ilikuwa na kiraka: niliiunguza kwa mshumaa, mama akashonea kipande cha kitenge chenye samawati na manjano. Nikachukua ndoo ya Mama Solange. Nikazamisha neti kwenye mafunjo nikainua, na macho yakaingia kwenye ndoo, mengi kuliko nilivyotarajia. Nikachuchumaa, nikaweka mdomo karibu na maji.

"Koko, ni mimi. Mama ameninyoa kipara. Alisema za nini. Na sukari anaificha juu ya kabati. Na juzi alinipiga kwa sababu ya sahani lakini sahani ilianguka yenyewe. Mpaka ukifunguka uje unichukue. Usimuambie nimekuambia."

Nilipomaliza, walikuwa wamelala ubavu. Na walikuwa wamebadilika rangi: si kioo tena, weupe, kama vipande vya kucha. Nilidhani wamesinzia. Hata sisi darasani, mwalimu akisoma barua ndefu, nusu tunalala. Nikawamwaga majini taratibu, waamke njiani. Neti nikaianika juu ya jiwe, jua likaikausha kabla Mama Solange hajarudi. Akaniuliza kama nimeona mtu. Nikasema sijaona. Haikuwa uongo. Sikuwa nimeona mtu.

Siku iliyofuata nilifupisha barua, nikatoa habari za sahani. Wakasinzia. Siku ya tatu ya barua nikasema tu, "Koko, njoo." Maneno mawili! Wakasinzia vilevile. Hapa sasa ndipo ninapoona haya zaidi, maana niliwakasirikia. Niliwaambia, "Uvivu gani huu?" Nikapiga hesabu kwamba nikituma wengi sana, hata wakisinzia wote, mmoja atabaki macho. Siku ya nne nilizamisha neti tena na tena, nikavuta mpaka kwenye shina la mafunjo, ndoo ikawa nzito kama uji. Jua halikuwako siku hiyo. Nikasikia buti za Mama Solange zikiteremka, fwata, fwata, nikamwaga ndoo yote pale ufukoni katikati ya mafunjo, nikaacha filimbi juu ya jiwe, nikakimbia na neti inayochuruzika, na kwa sababu sikuweza kufika nayo nyumbani imelowa, nikaitundika kwenye ua wa matete nyuma ya jiko lake. Nilipanga kuichukua kesho. Ilionekana kama nguo tu.

Kesho yake filimbi ilianza kabla hatujanywa chai, na haikukoma. Watu wakateremka, na mimi na mama tukateremka. Kando ya maji palikuwa na mstari mweupe, kama mtu aliyemwaga mchele, na ndege walikuwa wanagombana juu yake. Kulikuwa na harufu, si mbaya sana, kidogo kama chuma. Mama Solange alikuwa amepiga magoti ndani ya maji na buti zake zimejaa.

"Ni nani ameniulia watoto?" alikuwa anasema. "Ni nani ameniulia watoto?"

Ndipo nilipojua kwamba hawakusinzia. Nilijua palepale, sikuhitaji mwalimu. Nikaanza kutafuta mkono wa mama.

Wavuvi wawili wakazunguka nyumba yake, na mmoja akarudi na neti.

Mkutano ulifanyika saa ileile, pale mitumbwi inapofungwa mitatu mitatu. Watu walisimama mbalimbali kwa sababu ya ugonjwa, kila mtu na barakoa yake, kama wezi waliokosa benki. Perezida wa koperative aliinua neti juu kwa mikono miwili. Upepo ukaitandaza. Kiraka cha samawati na manjano kikawa katikati kabisa, kama bendera ya nchi ndogo.

"Mama Solange, hii imetoka kwako."

"Imetoka kwenye ua yangu. Haiko yangu."

"Na ndoo?"

"Ndoo ni yangu."

"Mchana unapopanda kula, nani anabaki hapa?"

Alinitazama. Nilikuwa mbele kabisa, karibu na mama. Nilihisi haja ndogo. Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo sijamaliza kuupima, kisha akarudisha macho kwa Perezida. "Hakuna mutu. Siondokake."

"Basi kama hauondokake, ni weye."

Mtu nyuma akasema, "Umemupa paka nyama achunge, ulitegemea nini?" Watu wakacheka. Mwingine akaongeza, "Walisema wanaume iko walevi. Huyu amelewa samaki." Wakacheka zaidi, wanaume hasa. Mama Solange akaelekeza kidole majini. "Kama ni mimi, Kivu inimeze. Munasikia? Inimeze!" Mimi nikaona nafuu kidogo: kwa kuwa anasema kweli, ziwa halina ruhusa ya kummeza. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kumezwa na watu.

Mkono wa mama ulikuwa begani mwangu. Alikuwa ameuweka hapo tangu mwanzo, kawaida tu. Neti ilipotandazwa, vidole vyake vikabana. Aliitazama kazi ya sindano yake mwenyewe ikipepea mbele ya mtaa mzima. Nikamtazama juu. Nilingoja afungue mdomo. Nilitaka afungue na nilitaka asifungue, vyote viwili kwa nguvu sawa. Aliinua mkono mwingine, akapandisha barakoa mpaka karibu na macho. Siku ile ndipo nilipojua kazi nyingine ya barakoa.

Bwana Yusufu akaandika kitabuni, akasoma kwa sauti: mlinzi wa ghuba ameondolewa kwa kosa la kuvua samaki wachanga kwa neti ya mbu. Kila neno limenyooka.

Nyumbani sikupigwa. Mngejua nilivyotaka kupigwa! Nilijipeleka mwenyewe karibu na fagio. Mama alivua neti ya kitanda chake, akaja kuifunga juu ya changu, kona nne, akakaza mafundo. "Kwa Mama Solange usiende tena," akasema. Akatoka. Tangu siku hiyo neno neti halikutamkwa tena nyumbani kwetu, tukawa tunasema "kile kitu".

Mama Solange alihamia Rugerero kulima mashamba ya watu. Nilimuona siku anaondoka, amekaa nyuma ya pikipiki, godoro limefungwa mbele ya dereva, amenyoosha miguu na buti zake. Walipita mbele ya meza ya mama. "Redio!" aliita. "Leo hakuna habari?" Nilikuwa chini ya meza, katikati ya vikapu vya sambaza waliokaushwa. Mama alimjibu, "Safari njema, Mama Solange." Nilimsikia akisema hivyo, na sauti haikutetemeka.

Mpaka ulifunguliwa baadaye, Koko akaja. Alisema hakupata habari yoyote.

Wiki hii, baada ya ile neti mpya, mwalimu wetu wa biolojia akafika kwenye somo la uhai wa majini. Alichora ziwa ubaoni, akachora kina na pwani, watoto kwenye pwani. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nalijua: dawa ya neti za mbu ni sumu kwa samaki, inatosha neti iguse maji. Donc hata wale ambao sikuwavua, waliobaki kwenye mafunjo wakitazama wenzao wanaondoka, niliwaachia kitu. Jirani yangu wa dawati akanisukuma kwa kiwiko. "We sha, uko mugonjwa? Somo zima haujasema upuuzi." Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, na sikwenda chooni. Nilikwenda Rugerero.

Nilimkuta anapalilia vitunguu. Amekonda. Buti zilikuwa nyingine, nyeusi. Alinitazama kwa mbali, akaegemea jembe.

"Hii si Redio? Ee, umekuwa antena!"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakaondoka. Nikasema, "Mama Solange, ni mimi niliua wale samaki. Neti ilikuwa ya kitanda yangu. Nilikuwa natuma barua kwa Koko."

Ilibidi nieleze habari za barua. Hakucheka, hata pale ambapo mimi mwenyewe ningecheka. Alikaa juu ya tuta.

"Siku ile nilifikiri ni weye," akasema. "Dakika moja. Kisha nikasema hapana, ule mutoto ananipenda."

Niliuliza nikitazama buti zake nyeusi.

"Kwa nini haukusema uliniachia filimbi?"

"Niseme nini? Kama nimeachia ziwa mutoto wa miaka tisa? Wangenicheka mara mbili." Akang'oa jani, akalitupa. "Na wangekubana maswali. Ulikuwa unatetemeka kama kuku wa mvua."

"Nisamehe."

"Mi naweza kukusamehe hapa kwenye vitunguu, na nani atajua? Sikuondolewa hapa. Kesho kutwa wanafunga ziwa, iko mkutano. Useme kule waliposema."

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa anakunja vikapu.

"Naenda kusema ile ya neti."

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutembea nyumbani kwetu. Mama alikunja kikapu kimoja mara mbili.

"Ile meza," akasema, "wangeniondolea siku ileile. Ungekula nini? Koko alikuwa ng'ambo, mpaka ulikuwa umefungwa. Ungekula nini, we?"

"Najua, mama."

"Haujui. Mama Solange nilikuwa namuona kila siku kwenye njia yake, buti na filimbi. Mi namujua kuliko weye." Akanigeuzia mgongo. "Nenda. Mi sitakuwako."

Basi nikaenda peke yangu. Watu walikuwa wengi, hakuna barakoa safari hii, unaona meno ya kila mtu. Mama Solange alikuwa amesimama kando, karibu na mitumbwi. Nilipoinua mkono, watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Hilo ndilo nililolipata kwa miaka yote ya kuchekesha.

"Redio," akasema Perezida, ni yuleyule, amezeeka shingo tu, "leo hatuna wakati ya michezo."

"Si mchezo. Ile neti mliyokamata kwa Mama Solange ilikuwa yangu. Ni mimi nilivua."

Kicheko kilipanda kama maji ya kuchemka. "Ulikuwa unavua na kijiko?" mmoja akauliza. "Ulitoroka kwenye ziwa ya mama yako?" mwingine, yaani titi. Hata mimi uso wangu ulikuwa unataka kucheka, umezoea. Nilisema tena, wakacheka tena. Mara ya tatu nilikuwa karibu kulia, na hilo nalo likawachekesha, wakadhani naigiza.

"Anasema kweli."

Mama alikuwa nyuma ya wauza sambaza wenzake, amevaa kitenge cha kanisani. Watu wakamfungulia njia bila yeye kuomba.

"Kiraka cha ile neti nilishona mimi. Niliiona siku ile mulipoiinua, nikanyamaza. Mutoto alikuwa mutoto. Mimi nilikuwa mutu muzima."

Perezida alijikuna shingo. Sauti ya mama ilitetemeka safari hii, na hakuificha. Alikuwa hamtazami Perezida, alikuwa anamtazama Mama Solange, na Mama Solange alikuwa anatazama maji.

Bwana Yusufu akakohoa, akafungua kitabu. "Basi naandika," akasema. "Imethibitika kwamba Mama Solange hakuhusika..."

"Simama," akasema Mama Solange. Alitembea mpaka kwenye meza ya karani, watu wakarudisha miguu nyuma. "Solange hakulinda ghuba. Aliyelinda ni mama yake. Andika jina yangu."

Kalamu ikabaki hewani. Bwana Yusufu akamtazama Perezida, Perezida akawatazama wavuvi. Mimi nikatafuta kichwani, mimi Redio, ninayejua hata majina ya kuku wa watu. Sikulijua. Mama naye alitikisa kichwa polepole. Hakuna aliyelijua.

"Jina lako nani, mama?" akauliza karani.

"Nyirahabimana Perpetua."

Akaandika.

"Soma."

Akasoma, kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, sentensi nzima kuanzia mwanzo, na alipofika kwenye jina alilisoma polepole asilikosee. Hakuna aliyecheka. Nikakaa chini.